Daftari la Duka na Lugha Iliyozikwa: Historia ya Ukoo katika Maandishi ya Wamarekani wenye Asili ya Kijerumani

Historia ya ukoo ni utanzu ambao wahakiki wengi huupita bila kuuamkia. Aghalabu huachiwa wazee wastaafu na wahifadhi wa nyaraka, nayo taaluma yetu ikajitwalia tawasifu na riwaya ya kihistoria. Hudaiwa kuwa kazi za aina hii hujishughulisha tu na nani alimzaa nani na nani aliacha mali kiasi gani, kwa hiyo hazina usanii wa kuchunguzwa. Makala hii inahoji kuwa dai hilo halisimami, angaa katika maandishi ya Wajerumani waliohamia Marekani na ya vizazi vyao. Usanii wa historia hizo umo hasa katika kile kinachonyamaziwa. Tutalithibitisha hilo kwa kutazama matini mbili zisizolingana kwa umbo: Palm Sunday (1981) ya Kurt Vonnegut, na riwaya ya Louise Erdrich, The Master Butchers Singing Club (2003).

Kwanza muktadha, kwa kifupi. Tangu 1820 hadi Vita vya Kwanza vya Dunia, Wajerumani zaidi ya milioni tano walihamia Marekani. Wengi waliifuata ardhi, na sheria ya 1862 ilimwahidi mlowezi ekari 160 kwa sharti la kuishi hapo na kulima kwa miaka mitano. Wengine, hasa wasomi na mafundi wa mijini, walikimbia baada ya mapinduzi ya 1848 kushindwa. Mkulima aliacha hati ya shamba na jina katika kitabu cha kanisa. Mwenye duka aliacha daftari la hesabu. Nyaraka hizi zina athari kwa fani, maana ndizo zinazomwamulia msimulizi wa baadaye atasimulia nini na kwa sauti gani.

Sauti ya daftari inasikika waziwazi katika Palm Sunday. Vonnegut hakuisimulia nasaba yake mwenyewe. Alichukua maelezo marefu yaliyoandikwa na John Rauch, mtu wa karibu na ukoo huo, akayaingiza katika kitabu chake karibu yote, huku yeye akijitokeza hapa na pale kuongeza neno. Wapo watakaouona uamuzi huu kuwa uvivu wa mwandishi mwenye jina. Sisi tunauona kuwa ndio ufunguo wa kazi yenyewe. Rauch anaandika kama mtu anayefunga hesabu za mwaka. Clemens Vonnegut, mzaliwa wa Münster, anafika Indianapolis mnamo miaka ya 1850 na kuanzisha duka la vyuma na vifaa vya ujenzi. Mshirika wake wa kwanza, Vollmer, anaondoka kuelekea magharibi na hasikiki tena. Msimulizi hapotezi muda kumtafuta. Duka linakua. Mwana wa Clemens, Bernard, anakuwa msanifu majengo, naye mwana wa Bernard anaufuata usanifu huohuo. Kwa upande wa mama wapo akina Lieber, wenye kiwanda cha bia, na Rauch hamfichi Albert Lieber kwa ubadhirifu wake. Kila mhusika anapimwa kwa alichojenga, alichouza na alichofuja.

Hata hivyo, daftari hili lina ufa. Clemens hakuwa mfanyabiashara mtupu. Alikuwa mtu wa fikra huru asiyefuata dini, alishiriki katika uendeshaji wa shule za mji wake, na kabla ya kufariki 1906 alikuwa amejiandikia mwenyewe hotuba ya kusomwa mazishini pake. Vonnegut anaithamini hotuba hiyo kuliko duka zima, na ana haki. Ni mahali pamoja ambapo babu anaacha kuwa tarakimu na kuwa nafsi inayosema.

Ukimya mkubwa unahusu lugha. Marekani iliingia vitani Aprili 1917, na kilichofuata kinajulikana. Mnamo Mei 1918 gavana wa Iowa alitoa tangazo la kuzuia lugha yoyote isiyokuwa Kiingereza shuleni, hadharani, kwenye simu na hata katika ibada. Nebraska ilipitisha sheria ya 1919 iliyomfikisha mahakamani mwalimu Robert Meyer kwa kosa la kumfundisha mtoto wa miaka kumi kusoma Kijerumani. Mahakama Kuu ya Marekani iliitangua hukumu hiyo 1923, wakati ambapo madarasa mengi yalikuwa yamekwisha kunyamaza. Huko Indianapolis, jumba la utamaduni lililoitwa Das Deutsche Haus, ambalo Bernard Vonnegut alikuwa mmoja wa wasanifu wake, lilibadilishwa jina 1918 likaitwa Athenaeum. Jengo likabaki pale pale na kuta zake zile zile. Tunadhani hakuna ishara iliyo bora zaidi ya mantiki ya historia hizi: mali husalia, jina hufutwa.

Vonnegut, aliyezaliwa Novemba 1922, anaeleza kuwa wazazi wake waliamua kumlea bila lugha, fasihi wala masimulizi ya ukoo, ili wathibitishe uzalendo wao. Hapo ndipo uamuzi wa kumtumia Rauch unapopata maana yake. Mjukuu hawezi kusimulia kwa sauti yake kwa kuwa hakurithishwa sauti ya kusimulia. Analazimika kuazima. Katika msingi huo, sura ile ndefu haiwezi kuitwa kiambatisho. Ni tendo la mtu anayekiri umaskini wake mbele ya msomaji.

Mtazamo huu unatusaidia pia kuisoma upya Slaughterhouse-Five (1969). Ukurasa wa jina wa riwaya hiyo unamtambulisha mwandishi kuwa Mmarekani mwenye asili ya Kijerumani wa kizazi cha nne. Nasaba imewekwa mlangoni. Msomaji akiingia ndani anakutana na mhusika mkuu aitwaye Billy Pilgrim, jina linalowakumbusha Wamarekani wale wahamiaji wa Kiingereza wanaohesabiwa kuwa waasisi wa taifa. Ukoo wa Indianapolis umeachwa kizingitini. Na kinaya cha maisha kinazidi kile cha bunilizi: Vonnegut alipotekwa Desemba 1944 na kupelekwa Dresden, mateka wenzake walimfanya kiongozi wao kwa sababu alijua Kijerumani kidogo. Aliwaeleza walinzi atakavyowatenda Warusi wakifika. Akapigwa na kuvuliwa uongozi. Lugha iliyozikwa nyumbani ilimrudia kwa kipande tu, kikamtosha kutoa tishio. Ya Februari 1945, mji ulipoteketezwa kwa mabomu naye akiwa chini ya machinjio, yanajulikana na kila msomaji wa riwaya hiyo.

Pamoja na sifa hizi, Palm Sunday ina upungufu ambao haifai kuuonea haya. Rauch anaanza hesabu zake kana kwamba ardhi ya Indianapolis ilikuwa kurasa tupu. Jina lenyewe la jimbo, Indiana, linakana hivyo. Walenape waliitoa ardhi yao ya sehemu hizo kwa mkataba wa 1818, miongo mitatu tu kabla ya Clemens kufungua duka. Vonnegut, ambaye ni hodari wa kuutania unafiki wa taifa lake, hapa anampisha Rauch bila kumuuliza swali.

Swali hilo linaulizwa na Erdrich, na si ajabu. Baba yake ni wa asili ya Kijerumani, mama yake ni Mwojibwe, na picha ya kijana iliyo katika jalada la riwaya yake ni ya babu yake mzaa baba, aliyekuwa fundi wa bucha. Katika riwaya, Fidelis Waldvogel, mpiga shabaha aliyerudi kutoka vitani, anavuka bahari 1922 na sanduku lililojaa soseji na visu. Anauza soseji njiani ili apate nauli. Ananuia kufika Seattle, lakini soseji zinamwishia akiwa Argus, Dakota Kaskazini, na hapo ndipo anapokaa. Historia za ukoo hupenda kumsawiri mwasisi akichagua mahali kwa busara na ujasiri. Erdrich anaiharibu kaida hiyo kwa sanduku tupu tu.

Lugha nayo haifutwi kama kwa akina Vonnegut. Inabaki katika wimbo, na wanaume wa mji wanaokusanyika kuimba si Wajerumani peke yao. Lakini vita vya pili vinaukata ukoo vipande. Mapacha wa Fidelis, waliorudishwa Ujerumani na shangazi yao, wanapigana upande wa adui. Mmoja anauawa, Erich analetwa kama mateka katika kambi iliyoko Minnesota, si mbali na bucha la baba yake, naye anakataa kumtambua baba. Tukio hili ni zito, ingawa tunakiri kuwa limepangwa kwa unadhifu unaotia shaka: dunia ni kubwa kuliko hivyo. Riwaya inastahimili kasoro hiyo kwa sababu tukio halisuluhishwi. Erich hapati sura ya kutubu, na baba hapewi kilio cha kumliwaza msomaji.

Nguvu kubwa zaidi ya Erdrich imo katika suala la usimulizi. Delphine Watzka, anayekuja kuwa mke wa pili wa Fidelis, analelewa na baba mlevi na picha ya mama asiyejulikana. Siri ya kuzaliwa kwake haimo katika kitabu cha kanisa wala katika daftari la bucha. Anayeijua ni Step-and-a-Half, mwanamke wa Wenyeji wa asili anayezurura mjini akiokota matambara na mifupa, ndiye aliyemtoa mtoto huyo mchanga katika choo cha shimo. Sura ya mwisho ni yake, na humo imo pia kumbukumbu ya mauaji ya Wounded Knee ya 1890. Kwa hiyo mtunza nasaba wa walowezi ni mtu ambaye watu wake ndio walionyang'anywa nchi ambayo nasaba hiyo imepandwa juu yake. Rauch angemweka katika safu gani ya daftari? Hana duka, hana shamba, hakumzaa yeyote wa ukoo huo. Na bado ni yeye, akipita nyuma ya nyumba za watu na gunia lake, aliyeona ni nani alimzaa nani. Anayeambiwa ni msomaji.