Mlango wa Kusukumwa kwa Nyonga

Akiingia bwenini, kabla hata ya salamu kukamilika, husimama ndani na kuusukuma mlango kwa nyonga, mikono ikiwa nyuma. Anataka kujua kama mtu aliyembeba mwenzake ataweza kutoka bila kushika kitasa. Mlango ukigoma, anaandika. Ukiwa wa kuvutwa ndani, anaandika kwa wino mwekundu. Kisha ndipo anamgeukia mlinzi: "Mzee wangu, habari za kazi?"

Dada huyu ni mzaliwa wa Kebirigo, Nyamira, kwenye barabara itokayo Kisii kwenda Chemosit, kule ambako chai imepandwa hadi ukingoni mwa lami. Kazi yake ni kuandaa mipango ya dharura ya vyuo na shule za bweni: moto, radi, tetemeko la ardhi, uvamizi, hata chakula kikiharibika na watu mia wakaanza kutapika usiku mmoja. Alinikubalia nimfuate kwenye chuo kimoja cha ukanda huu wa Kisii na Nyamira, kwa sharti nisikitaje. Nimesoma mipango mingi ya aina hiyo, yenye jalada la plastiki na dibaji ya mkuu wa chuo, na mingi inafanana hadi makosa ya tahajia. Wa kwake ni ufundi wa mikono, na fundi hodari anastahili kutazamwa akifanya kazi bila kuharakishwa.

Mfukoni ana tepu ya kupimia, tochi na filimbi. Alipima nafasi kati ya vitanda, mstari mmoja baada ya mwingine, na pale alipokuta sanduku la chuma limewekwa njiani alilipima nalo. Mwongozo wa usalama uliotolewa na Wizara ya Elimu mwaka 2008 unataka mita 1.2 kati ya kitanda na kitanda na njia isiyopungua mita 2. Unataka milango yenye upana wa futi 5 inayofunguka kwa nje, mmoja kila upande wa bweni na wa dharura katikati, na madirisha yasiyo na vyuma. Uliandikiwa shule, lakini yeye anautumia hata chuo kikuu, kwa kuwa kijana wa miaka ishirini hulala fofofo kama wa miaka kumi na mitano.

Vipimo hivyo anavitaja kwa sauti ya chini, na sababu naijua. Shule ya Bombolulu, mwaka 1998, wasichana waliungua ndani ya bweni lenye madirisha ya vyuma. Shule ya Kyanguli, Machi 2001, wavulana 67 walikufa. Mlango mmoja ulikuwa umefungwa. Na baada ya mwongozo kuwapo kwa miaka kumi na sita, Septemba 2024, watoto 21 walikufa kwenye bweni la shule ya Hillside Endarasha kule Nyeri. Kila sentimita kwenye tepu yake imelipiwa na mzazi fulani.

Tulipofika kwenye mlango wa dharura, tulikuta kufuli.

"Ufunguo uko kwa matroni, mwalimu," mlinzi akasema.

"Na matroni yuko wapi, mzee?"

"Ameenda Nyamira kidogo."

Hakumkaripia. Aliandika saa, akaandika "Nyamira", akamshukuru. Baadaye aliniambia kwamba mlinzi akikaripiwa leo, kesho atakuwa na jibu zuri badala ya jibu la kweli, na mpango uliojengwa juu ya majibu mazuri utamuua mtu. Kufuli yenyewe ilikuwa na sababu yake: wezi wa simu na magodoro. Basi alikaa na mlinzi na mwakilishi wa wanafunzi, wakakubaliana juu ya komeo la ndani linaloachia kwa kusukumwa, lisilofunguka kutoka nje. Mtu mwingine angeandika tu "kufuli ziondolewe" na kurudi mjini, na kufuli zingerudi kabla ya wiki kwisha.

Kisha mvua ikaja, kama ijavyo alasiri nyingi katika milima hii. Upepo kutoka Ziwa Viktoria unabeba unyevu, unapanda miinuko ya Gusii, na kufikia saa nane au tisa mchana mawingu yamesimama wima. Mvua ya Kebirigo ikipiga mabati, watu wawili kwenye chumba kimoja hawasikilizani. Wengine tulikimbilia barazani. Yeye alifurahi waziwazi. Alimwomba mlinzi akapige kengele ya dharura, naye akaenda kusimama chumba cha mwisho cha bweni, mlango ukiwa umefungwa, sikio likiwa tayari. Alirudi baada ya dakika kadhaa na kuuliza, "Mmeshapiga?" Ilikuwa imepigwa muda wote huo.

Hapo nilielewa kwa nini mipango inayonakiliwa kutoka kwingine haifai huku. Mwandishi wa Nairobi angeweka "king'ora kitasikika" na kuendelea na aya inayofuata. Yeye aliweka filimbi kwa mwakilishi wa kila ukumbi wa vyumba, na amri moja: piga filimbi, gonga kila mlango kwa kiganja, usisubiri kujibiwa, nenda mlango unaofuata. Filimbi sita za bei ndogo. Umeme ukikatika zinafanya kazi, na zinapenya mvua kwa sababu zinapigwa ukumbini, hatua chache kutoka sikio la aliyelala.

Mvua hiyohiyo ilimfanya afute mahali pa kukusanyikia. Chuo kilikuwa kimechora kibao kizuri cha kijani chini ya mkaratusi mkubwa, kwa kuwa pana kivuli. Mkaratusi hudondosha matawi kwenye upepo, na mti mrefu uliosimama peke yake hualika radi. Lakini hata uwanja wa mpira haufai ngurumo zikiwa karibu, maana hapo binadamu ndiye anayekuwa kitu kirefu. Na paa tu halitoshi. Juni 2011, katika shule ya msingi ya Runyanya, wilayani Kiryandongo nchini Uganda, radi moja iliua watoto 18 waliokuwa darasani, kwenye jengo lisilokuwa na kinga. Kwa hiyo mpango wake una mahali pawili: uwanjani siku ya kawaida, na siku ya radi, ukumbi wa mihadhara wenye waya wa kinga uliozikwa ardhini sawasawa. Nani anaamua ni wapi? Yule mwenye zamu langoni, kwa kutazama juu.

Huyo mwenye zamu ndiye kiini cha mpango wote, na hapa ndipo ninapomvulia kofia. Karibu kila mpango niliousoma unaanza na makamu wa mkuu wa chuo: ndiye atakayetangaza dharura, ndiye atakayeitisha kamati. Saa kumi usiku makamu wa mkuu yuko kitandani kwake, pengine yuko Mombasa kwenye semina. Mwenye mamlaka makubwa kuliko wote walio macho saa hiyo ni askari wa lango, mwenye tochi na redio ya kusikilizia mpira. Dada yule alimwandikia askari ukurasa mmoja wa Kiswahili, wenye sahihi ya mkuu wa chuo chini yake, unaompa ruhusa ya kupiga king'ora, kufungua malango yote, kukata umeme kwenye swichi kuu na kuita msaada bila kuuliza mtu. Hatakatwa mshahara akikosea kwa kuwahi. Sentensi hiyo ilichukua mikutano mingi kuliko nyingine yoyote kwenye hati.

Aligundua pia kwamba simu ya lango haina salio. Namba za dharura 999 na 112 hazihitaji salio, na ya Msalaba Mwekundu, 1199, imebandikwa ukutani kwa herufi kubwa. Lakini kumwamsha matroni, fundi umeme na muuguzi kunahitaji salio. Kwa hiyo kwenye bajeti, kati ya mitungi ya kuzimia moto na ukarabati wa ngazi, kuna mstari mdogo wa salio la kila mwezi la simu ya lango. Mhasibu alicheka alipouona. Umebaki.

Huduma za zimamoto ni jukumu la kaunti tangu Katiba ya 2010. Kwa hiyo dada yule alienda akamtafuta dereva wa gari la zimamoto, wakaja pamoja hadi langoni, na wakasimama. Juu ya lango kulikuwa na tao la chuma lenye jina la chuo na kaulimbiu yake, na gari lisingepita chini yake. Sasa lango la nyuma, lile la kuingizia kuni za jikoni, ndilo la zimamoto, na ukurasa wa askari unasema amtume mtu barabarani na tochi akalielekeze gari huko.

Mwaka 2015 ndio uliofundisha vyuo vya Kenya kazi hii, na ulifundisha kwa ukatili. Alfajiri ya Aprili 2, wavamizi waliingia Chuo Kikuu cha Garissa, na hadi jioni watu 148 walikuwa wameuawa, wengi wao wanafunzi. Siku kumi baadaye, usiku wa kuamkia Jumapili Aprili 12, hitilafu ya umeme ilisababisha mlipuko kwenye bewa la Kikuyu la Chuo Kikuu cha Nairobi. Wanafunzi walidhani ni Garissa nyingine. Waliruka kutoka ghorofani, wakakanyagana ngazini. Mmoja alikufa, zaidi ya 100 wakaumia. Hapakuwa na adui yeyote. Kisha Novemba 30, Chuo Kikuu cha Strathmore kikafanya zoezi la uvamizi lenye milio ya risasi, na wengi wakaamini ni kweli. Mfanyakazi mmoja aliruka, akafa.

Dada yule anayasoma matukio haya matatu kama somo moja. La kwanza linadai vyuo vijiandae. La pili na la tatu yanaonyesha kwamba hofu yenyewe ni hatari inayopaswa kuwemo kwenye mpango, yenye hatua zake, kama moto. Ndiyo maana zoezi lake hutangazwa mapema, kwa karatasi kila mlango, kwa ujumbe wa simu, na tena asubuhi ya siku yenyewe. Hakuna milio ya risasi, hakuna moshi, hakuna mwigizaji aliyejifunika uso. Nilimuuliza kama zoezi lililotangazwa lina maana yoyote. Akasema zoezi ni la kufundisha miguu njia, na miguu haifundishiki ikiwa moyo unakimbia.

Niliona zoezi moja. Filimbi zilipigwa, vijana wakatoka wakitembea, wengine wakitabasamu na kupiga picha. Yeye hakumtazama aliyetoka wa kwanza hata kidogo. Alisimama mwisho wa ukumbi akisubiri wa mwisho, na alipopita akamuuliza kwa upole, "Kaka, ulikuwa unatafuta nini?" Kijana alikuwa anatafuta viatu na koti. Usiku wa Kebirigo na milima yake una baridi, na hakuna anayetaka kusimama uwanjani peku. Ushauri wa kawaida ni kukataza: acha kila kitu. Yeye aliandika kwamba mablanketi na ndala viwekwe kwenye kasha mahali pa kukusanyikia, na kila mwanafunzi aambiwe kwamba vipo. Akijua blanketi linamngoja nje, hatarudi ndani kutafuta koti.

Sehemu ya majina ndiyo aliyoishikilia kwa uchungu zaidi. Baada ya Garissa, walionusurika waliletwa Nairobi kwa mabasi hadi uwanja wa Nyayo, na miili ikapelekwa chumba cha maiti cha Chiromo. Kulikuwa na wazazi waliohama kati ya sehemu hizo mbili, wasijue wangojee wapi. Orodha ya usajili ya chuo huonyesha nani amelipa karo. Haionyeshi nani alilala hapa jana. Mfumo wake ni wa mwenza: kila mwanafunzi ana mmoja anayejua kama yuko au amesafiri kwao. Mwakilishi wa ukumbi haulizi majina mia mbili, anauliza kila mtu, "Mwenzako yuko wapi?" Dakika chache zinatosha kujua nani hayupo na alionekana wapi mara ya mwisho. Na kuna meza ya wazazi iliyopangiwa chumba, mbali na lango na kamera, yenye mtu mmoja tu anayetoa habari, na chai.

Wengi wanalala nje ya uzio, hata hivyo. Mitaa iliyozunguka vyuo vyetu imejaa vyumba vya kupanga vyenye ngazi moja na grili mwanzo hadi mwisho, na wenye nyumba hawajibiki kwa chuo. Hapa mpango wake ni dhaifu na anakiri hivyo kwenye hati, kwa aya nzima. Ameanza na wenye nyumba watatu waliokubali grili zenye bawaba na ufunguo uliofungwa kwa kamba ndani ya dirisha. Kwa wengine, anawapa wanafunzi maswali ya kuuliza kabla ya kulipa kodi ya kwanza, la kwanza likiwa: ngazi hii ikizibika, natokea wapi?

Sheria za kupunguza hatari ya moto za mwaka 2007 zinataka zoezi angalau mara moja kwa mwaka. Yeye anafanya kila muhula, kwa hesabu rahisi: kila Septemba wanaingia vijana ambao hawajui hata swichi ya taa iko upande gani, na wale waliojua njia wamehitimu. Baada ya kila zoezi anapitia ukurasa wa lango na kufuta majina. Mlinzi yule wa mwanzo amehamishiwa kiwandani. Jina lake limepigwa mstari, la mgeni limeandikwa juu yake kwa kalamu ya risasi, na litabaki la risasi mpaka huyo mgeni atakapokata swichi kuu kwa mkono wake mwenyewe mbele ya dada yule.

Zoezi lijalo limepangwa wiki ya pili baada ya wanafunzi wapya kuripoti. Uongozi ulipendekeza asubuhi, kabla ya vipindi, hali ya hewa ikiwa nzuri. Ameandika barua kuomba lifanyike saa tisa alasiri, mvua ikiwa juu ya mabati.