Upinzani wa Kuruhusiwa: Mfano wa Brazil

Wako wanaodai kwamba chama cha upinzani kinachoshiriki uchaguzi wa madikteta ni kibaraka tu. Dai hilo lina sura ya kimapinduzi, lakini halikuchunguza hali halisi.

Tutazame Brazil. Wanajeshi walipindua serikali mwaka 1964. Mwaka 1965 wakavunja vyama vyote, kisha wakaruhusu viwili: ARENA cha watawala, na MDB cha kupinga kwa adabu. Kilikuwa pambo, na mwaka 1970 wapiga kura wengi waliziharibu kura zao au wakaziacha tupu. Lakini mwaka 1974 pambo hilo lilinyakua viti 16 kati ya 22 vya Seneti vilivyogombewa. Mwaka 1976 watawala wakawanyima wagombea sauti katika televisheni, zikabaki picha na maelezo mafupi. Mwaka 1977 wakahakikisha theluthi ya Seneti haichaguliwi na wananchi. Kibaraka hatungiwi sheria za namna hiyo.

Hata hivyo hatukubaliani na wanaoliabudu sanduku la kura. Nguvu mpya ilitoka viwandani, katika migomo ya wafanyakazi wa magari wa São Bernardo mwaka 1978, na baadaye mitaani, mwaka 1984, umma ulipodai kumchagua rais moja kwa moja. Hoja hiyo ilianguka bungeni kwa upungufu wa kura 22. Ndipo viongozi wa upinzani wakakubali baraza lile lile la uchaguzi la wanajeshi, wakapatana na waasi wa chama tawala, na Januari 1985 wakashinda. Mgombea wao, Tancredo Neves, alifariki kabla ya kuapishwa. Aliyeshika urais ni José Sarney, ambaye hadi mwaka 1984 alikuwa mwenyekiti wa chama cha wanajeshi hao.