Onyo Linaloonekana Juani

Onyo la kwenye kioo cha simu au kompyuta hupimwa pale linapotumika, si mezani kwa aliyelichora. Mirongo, katikati ya jiji la Mwanza, kipimo hicho ni mwamvuli wa wakala wa fedha za simu saa saba mchana: jua limepiga kioo, wateja wamesimama, na macho ya wakala yako kwenye noti anazohesabu.

Cha kwanza kutazamwa ni jinsi maandishi yanavyojitenga na rangi ya nyuma yake. Mwongozo wa kimataifa wa tovuti, WCAG, unadai uwiano wa mwanga usiopungua 4.5 kwa 1 kwa maandishi ya kawaida, na 3 kwa 1 kwa maandishi makubwa na alama. Njano juu ya nyeupe, inayopendwa bila sababu, haifiki hata 2 kwa 1.

Rangi peke yake haiaminiki, kwani wapo watu, wengi wao wanaume, wasiotofautisha nyekundu na kijani. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania huambatanisha kila rangi na neno: njano ni angalizo, chungwa ni tahadhari, nyekundu ni tahadhari kubwa. Mvuvi wa Mwaloni, Kirumba, anayesoma habari za upepo wa ziwani kwenye simu yenye kioo kilichopasuka, akikosa rangi hakosi neno.

Mwendo una nguvu kuliko rangi, maana pembe ya jicho haisomi herufi ndogo lakini hushtuka kitu kikisogea. Onyo zuri husogea mara moja, likatulia. Linalopepesa bila kukoma ni kelele, na likizidi mara tatu kwa sekunde linaweza kuchochea mshtuko wa kifafa kwa baadhi ya watu: mwaka 1997 kipindi kimoja cha katuni ya Pokémon kilipeleka mamia ya watoto hospitali nchini Japani.

Ubora wa kweli, hata hivyo, hujulikana kwenye maneno ya kitufe. Swali la “Una uhakika?” lenye Ndiyo na Hapana halimlindi mtu, kidole kimeshazoea kubonyeza Ndiyo kabla jicho halijasoma. Wakala anayetaka kutuma 45,000 akaongeza sifuri moja huokolewa na kidirisha chenye jina la mpokeaji, kiasi kwa tarakimu kubwa, na kitufe kinachotaja tendo lenyewe: “Tuma 450,000”. Hapo sifuri ya ziada hujianika. Kinyume chake, huko Hawaii, tarehe 13 Januari 2018, programu ya tahadhari ilikuwa na swali lile lile la kuthibitisha kwa zoezi na kwa hatari ya kweli. Tangazo la uongo la kombora likatoka, na simu za watu zikakaa dakika 38 bila kupokea ujumbe wa kulikanusha.

Kidirisha cha kuthibitisha kinapaswa kuwa adimu. Kikijitokeza kwa kila muamala, huwa sehemu ya kazi kama kulamba kidole kabla ya kuhesabu noti.

Mwisho hutazamwa namna onyo linavyoondoka. Kitone chekundu kinachobaki baada ya ujumbe kusomwa ni kasoro, ingawa huonekana ndogo: wakala hukizoea, na siku kinapoashiria kuwa floti, yaani salio la kufanyia miamala, imekwisha kweli, hukipita vilevile.