Hodi kwa Modemu

Mpwa wangu ni fundi wa kompyuta, lakini ufundi wake niliuona kwa macho siku alipokuja kuitazama modemu yangu. Ni modemu ya kuchomeka kwenye USB, yenye laini ya simu ndani. Kompyuta inatumia Linux. Kompyuta hiyo niliinunua ikiwa imeshatumika ofisini. Kifurushi kipo, taa inawaka, intaneti hakuna. Nilikuwa nimeshazima na kuwasha mara nne. Yeye hakuzima kitu. Alivuta kiti, akafungua terminali, akasema, "Mjomba, kwanza tuulize kama kompyuta inaiona."

Akaandika lsusb. Orodha ya vifaa ikashuka, kila kimoja na namba zake mbili, ya kampuni na ya kifaa. Ya kifaa changu iliishia 1446. Akaitazama kitambo. Modemu za aina hii, akanieleza, zimebeba programu za Windows tumboni, kwa hiyo zikichomekwa hujitambulisha kwanza kama CD. Linux imeambiwa hii ni CD, nayo imekubali. Kinachotakiwa ni usb_modeswitch, programu ndogo inayotuma ujumbe wa kuiamuru modemu iache u-CD na kuwa modemu. Kwangu haikuwemo. Akatoa flashi mfukoni: mafaili yake huyatembeza humo, maana nyumba anazoitwa ndizo zisizo na intaneti.

Aliposakinisha na kuchomeka upya, 1446 ikawa 1436, na kwenye kumbukumbu za dmesg ikatokea milango mipya, ttyUSB0 na wenzake. Mimi ningekimbilia kufungua tovuti. Yeye alisimamisha kwanza huduma ya ModemManager, kwa sababu mlango mmoja hausemeshwi na wawili kwa wakati mmoja, kisha akafungua minicom, programu ya kusemeshana na mlango huo, na kuandika herufi mbili: AT.

Modemu ikajibu: OK.

Herufi hizo zina umri. Zilikuja na Hayes Smartmodem ya mwaka 1981, iliyopitisha biti 300 kwa sekunde kwenye waya wa simu ya mezani. Ni kifupi cha neno la Kiingereza la kumtaka mtu asikilize. Kwetu tungesema ni hodi. Mwenyeji akishaitikia, unauliza shida yako. Akauliza AT+CPIN? kujua kama laini imefungwa kwa namba ya siri; jibu, READY, iko wazi. AT+CREG? kujua kama imesajiliwa kwenye mtandao. Jibu, 0,1, imesajiliwa nyumbani kwake. AT+CSQ kupima nguvu ya mawimbi, ambayo huhesabiwa kuanzia 0 hadi 31. Jibu, 17, inatosha. Kila jibu aliliandika kwenye daftari kabla ya kuuliza linalofuata. Ndipo nilipoelewa utulivu wake: kila mstari ulikuwa sehemu moja ambayo hatalazimika kurudi kuitilia shaka.

Akairudisha huduma, akaweka APN, yaani jina la lango la intaneti la mtandao wa simu, tukaunganishwa. Bado tovuti hazikufunguka. Uso wake haukubadilika. Akaandika ping 8.8.8.8, majibu yakarudi moja baada ya jingine. Akaandika ping na jina la tovuti, kimya. "Njia ipo, Mjomba. Kinachokosekana ni wa kutafsiri majina kuwa namba." Akafungua faili la resolv.conf, na humo mlikuwa na anwani ya seva ya ndani ya ofisi ile ya zamani, imeandikwa kwa mkono. Kompyuta ilikuwa bado inamuuliza njia mtu wa mtaa iliouhama. Akaufuta mstari huo, akaacha mtandao wenyewe ulete anwani zake. Ukurasa ukafunguka.

Nilidhani tumemaliza, nikainuka kuleta chai. Niliporudi nilikuta ameizima kompyuta na modemu ameichomoa. Akawasha, akachomeka, akakaa mikono mapajani bila kugusa kitu. Namba ikabadilika yenyewe, milango ikatokea, majina yakajibu. Akarudia mara ya pili. Ndipo akachana lile karatasi la daftari, maswali upande huu na majibu upande ule, akalikunja na kuliweka chini ya kompyuta. "Siku ikigoma, anza na mstari wa kwanza." Chai ilikuwa imeshapoa, akainywa hivyo hivyo.