Uhakiki wa Istilahi za Dharura Katika Kiwanja cha Ndege

Istilahi nyingi zinazojadiliwa katika jarida la namna hii zina bahati moja: mtumiaji wake anayo nafasi ya kuzitafakari. Mwalimu asiyeelewa neno hufungua kamusi. Karani humwuliza mwenzake. Mfasiri huliweka kando hadi kesho. Istilahi za dharura hazina bahati hiyo. Kwa viwango vya Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, lengo la kikosi cha zimamoto cha kiwanja cha ndege ni kufika mahali popote katika njia ya kurukia inayotumika kwa muda usiozidi dakika 3 tangu kuitwa. Neno lenye kuhitaji maelezo ya dakika moja limekwisha kula theluthi ya muda huo.

Makala haya yanakusudia kuyahakiki baadhi ya maneno ya Kiswahili yatumikayo, au yanayopendekezwa kutumika, katika usalama wa viwanja vya ndege na maandalizi ya dharura. Kipimo chetu ni kimoja: je, mtu akilisikia neno hili, atafanya jambo lile lile analolitaka aliyelitamka?

1. Je, Kiswahili kinahitajika?

Wapo watakaosema kwamba kazi hii ni bure, kwa kuwa rubani na mwongoza ndege wa kimataifa huzungumza Kiingereza. Hoja hiyo ni kweli kwa mnara wa kuongozea ndege, lakini haivuki mipaka ya mnara. Ndege ikipata ajali, wanaohusika ni pamoja na mzimamoto, mwuguzi, polisi, dereva wa gari la wagonjwa, mpakiaji wa mizigo, mama lishe aliye nje ya uzio na abiria wenyewe. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya abiria aina ya ATR 42 iliyokuwa na watu 43 iliangukia katika Ziwa Victoria karibu na kiwanja cha Bukoba, na watu 19 wakafa. Waokoaji wa kwanza kuifikia walikuwa wavuvi wenye mitumbwi. Mpango wowote wa dharura wa kiwanja kilicho kando ya ziwa, usioweza kusomwa na kusikika kwa lugha ya mvuvi, umemwacha nje mtu atakayefika kwanza.

Isitoshe, Kiingereza chenyewe hakikupata usalama kwa kuwa Kiingereza. Tarehe 27 Machi 1977, katika ukungu wa kiwanja cha Los Rodeos, kisiwani Tenerife, ndege mbili aina ya Boeing 747 ziligongana katika njia ya kurukia, wakafa watu 583. Miongoni mwa sababu ilikuwa kauli ya rubani msaidizi iliyoweza kufahamika kwa namna mbili: kwamba ndege iko mahali pa kurukia, au kwamba imekwisha anza kuruka. Mwongoza ndege alifahamu ile ya kwanza, kumbe ndege ilikuwa mbioni. Baada ya msiba huo neno la kuruka likawekewa mipaka: lisitamkwe redioni ila pale ruhusa ya kuruka inapotolewa au kufutwa, penginepo pote litumike neno la kuondoka. Funzo hapa ni kubwa kwa wanaistilahi. Lugha iliyotumika angani kwa miaka mingi ilibidi ilitenge neno lake la kawaida kwa kazi moja tu. Hapana sababu Kiswahili kingojee maiti zake ndipo kifanye vivyo hivyo.

2. Usalama na ulinzi

Neno lenye kasoro kubwa kuliko yote ni lile tunalolipenda kuliko yote: usalama. Katika usafiri wa anga zipo dhana mbili zilizo mbali. Ya kwanza ni kuepusha ajali zitokanazo na makosa, ubovu wa mitambo, hali ya hewa na mengineyo yasiyokusudiwa. Ya pili ni kuzuia uovu unaokusudiwa, kama utekaji nyara na uwekaji wa mabomu. Mkataba wa Chicago wa 1944 umezipa dhana hizi viambatisho tofauti: Kiambatisho cha 17, kilichopitishwa 1974, chahusu uovu wa kukusudia, na Kiambatisho cha 19, cha 2013, chahusu usimamizi wa kuepusha ajali. Sisi tunaziita zote usalama.

Tazama jinsi neno lilivyobeba mzigo. Tunasema usalama barabarani, yaani kuepuka ajali; usalama mahali pa kazi, vivyo hivyo; kisha tunasema Usalama wa Taifa, na maana imegeuka kabisa. Mtanzania akiambiwa, "Watu wa usalama wanakuja," hafikirii mkaguzi wa vizima moto.

Madhara yake si ya kinadharia. Usimamizi wa kisasa wa kuepusha ajali unategemea sana mfanyakazi mdogo kutoa taarifa kwa hiari: mpakiaji aliyeona mafuta yakidondoka chini ya bawa, au dereva aliyekaribia kuigonga ndege kwa kigari cha mizigo. Taarifa hizo huja tu pale mtoaji anapoamini kwamba hatahojiwa kama mhalifu. Sasa mbandikie tangazo lisemalo, "Toa taarifa kwa Idara ya Usalama." Mmoja ataenda kwa walinzi wa lango, ambao kazi yao ni kukagua vitambulisho. Mwingine atanyamaza, maana katika masikio yake kupeleka habari usalama ni kumchongea mwenzake au kujipeleka mwenyewe. Mafuta yataendelea kudondoka.

Pendekezo letu ni kwamba usalama ubaki na maana ya kuepusha ajali, na ulinzi uchukue ile ya kuzuia uovu. Mtu anayekagua abiria tunamwita mlinzi tayari. Wapinzani watasema kwamba ulinzi ni neno la kijeshi, na kwamba Kamati ya Ulinzi na Usalama huyataja yote mawili kwa mpango mwingine. Ni kweli. Lakini istilahi ya fani haifungwi na majina ya kamati. Ndani ya uzio wa kiwanja, kila neno lipewe kazi yake na kila ofisi ibandikwe jina lake.

3. Dharura na ngazi zake

Dharura ni neno zuri lililochoshwa. Ofisini, aliyechelewa alikuwa na dharura. Aliyekosa mkutano alipata dharura. Na ipo likizo ya dharura kwa ajili ya mazishi na harusi pia. Neno hili likitamkwa katika simu ya zimamoto, halielezi ukubwa wa jambo.

Utaratibu wa kimataifa wa viwanja vya ndege hugawa miito katika ngazi. Katika ya kwanza, ndege inayokuja ina hitilafu au inashukiwa kuwa nayo, lakini haitazamiwi kwamba kutua kwake kutakuwa na shida kubwa: vikosi vya kiwanja hukaa tayari. Katika ya pili, ndege iko katika shida inayoweza kuleta ajali: magari hutoka na kujipanga, na hospitali hujulishwa. Katika ya tatu, ajali imekwisha tokea.

Katika kufasiri ngazi hizi, huenda mfasiri akavutiwa kuiita ya kwanza tahadhari. Neno hilo limekwisha pewa kazi nyingine. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hupanga taarifa zake kwa ngazi za angalizo, tahadhari na tahadhari kubwa, na wananchi wamezizoea. Hatusemi hivi kwa kuilaumu Mamlaka hiyo. Kinyume chake, mfano wake unathibitisha kwamba Kiswahili kinaweza kupanga hatari kwa ngazi, na umma ukazifuata. Lakini mwongozo wa kiwanja usiazime neno lile lile kwa maana nyingine, hasa kwa kuwa hali ya hewa ni mojawapo ya mambo yanayotangazwa hapo hapo kiwanjani.

Twapendekeza ngazi ya kwanza iitwe kaa tayari, ya pili dharura kamili, na ya tatu ajali ya ndege. Msomaji ataona kwamba ya kwanza ni amri na nyingine mbili ni nomino. Mwenye kupenda ulinganifu ataudhika. Hata hivyo sauti zake ni mbali mbali, na hata simu ikikwaruza hapana litakalodhaniwa kuwa jingine. Ulinganifu ni sifa ya jedwali. Upambanuzi ni sifa ya mwito.

4. Zoezi, au jambo la kweli?

Viwango vya kimataifa vinataka mpango wa dharura wa kiwanja ujaribiwe: ama jaribio kamili kila baada ya muda usiozidi miaka 2, na majaribio ya sehemu katika mwaka wa kati, ama mfululizo wa majaribio unaokamilika katika miaka isiyozidi 3. Jambo hili tunaliita zoezi. Lakini zoezi, katika Kiswahili cha serikali, limekuwa jina la kila shughuli. Lipo zoezi la kuandikisha wapiga kura, zoezi la kuhesabu watu, zoezi la usafi, hata zoezi la kubomoa nyumba. Aliyebomolewa nyumba hakudhani kwamba ni mfano.

Kwa hiyo tangazo lisemalo, "Zoezi la uokoaji linaendelea kiwanjani," laweza kusomwa kwa maana mbili zinazopingana: watu wanajifunza kuokoa, au kuna watu wanaookolewa sasa. Ndugu wa abiria anayelisikia redioni atakimbilia kiwanjani na kuziba njia ya magari ya wagonjwa. Afadhali tuseme jaribio la uokoaji, na kila ujumbe wake uanze na kuishia kwa kauli moja isiyobadilika: "Hili ni jaribio." Na siku ajali itakapokuwa ya kweli, neno zoezi lisitajwe kabisa.

5. Ndege na ndege

Kiswahili kinatuchezea hapa. Kiumbe mwenye mabawa na chombo cha kusafiria vyote ni ndege, na viwanja vyote duniani vina shida ya viumbe hao kuingia katika injini. Katika sentensi kamili upatanisho hutuokoa: ndege amegongwa, ndege imegongwa, ndege wawili, ndege mbili. Lakini vichwa vya ripoti na ujumbe wa simu hukatwa, na upatanisho ndio wa kwanza kukatwa. "Mgongano wa ndege" ni nini? Ni unyoya katika bawa, au ni Tenerife nyingine? Idadi ya magari yatakayotoka inategemea jibu hilo.

Hapa tunalo neno kongwe la pwani, nyuni. Kasoro yake ni kwamba halijulikani sana bara, na kwamba pengine hutajwa kwa maradhi ya degedege ya watoto wachanga. Hata hivyo, katika muktadha wa kiwanja hapana atakayedhani maradhi. Twapendekeza mgongano na nyuni kwa ripoti na miito, na ndege libakie kwa chombo.

Kwa kupita, tutaje pia vihatarishi, neno lililoenea katika nyaraka za serikali. Kwa umbo lake, kihatarishi ni kitu kinacholeta hatari: jalala lililo karibu na kiwanja, kwa mfano, kwa kuwa huvuta nyuni. Lakini nyaraka hulitumia pia kwa kipimo cha uwezekano na uzito wa madhara. Kitu na kipimo chake visiitwe kwa jina moja. Jalala ni kihatarishi; kipimo chake tukiite kiwango cha hatari, ambacho huweza kushushwa hata kabla jalala halijahamishwa.

6. Neno la kuandikwa na neno la kupigiwa kelele

Mwisho, tuangalie tendo la kuwatoa watu katika ndege inayoungua. Nyaraka husema uhamishaji au uondoshaji wa abiria. Maneno hayo yatoshe katika nyaraka, ingawa kuhamisha kunaleta picha ya mtu na vyombo vyake, na vyombo ndivyo tusivyovitaka mlangoni. Ndege kubwa za abiria hazipewi idhini mpaka ithibitishwe kwamba watu wote waweza kutoka kwa sekunde 90 huku nusu ya milango ikiwa haitumiki. Tarehe 2 Januari 2024, katika kiwanja cha Haneda, Tokyo, ndege ya abiria iligongana na ndege ya walinzi wa pwani na kuwaka moto. Vipaza sauti vya ndani havikufanya kazi. Wahudumu walitumia kipaza sauti cha mkononi na sauti zao. Watu wote 379 wa ndege ile ya abiria walitoka hai, ingawa 5 kati ya 6 wa ile nyingine walikufa.

Kwa sauti ya namna hiyo, nomino ya ki-, u- au ma- haina kazi. Kinachohitajika ni "Tokeni! Acheni mizigo!" Kila mpango wa dharura, basi, uwe na safu mbili: istilahi ya maandishi, na kauli ya mdomo inayolingana nayo. Mfasiri anayekabidhi safu ya kwanza peke yake amekabidhi nusu ya kazi.

Hitimisho

Mapendekezo haya si sheria. Mengine yatakataliwa, na huenda nyuni likawa la kwanza kurudi kiotani. Lakini tunashikilia kwamba yasikubaliwe wala kukataliwa mezani tu. Yapelekwe kiwanjani siku ya jaribio, yasomwe redioni mbele ya mzimamoto, mpakiaji, mwuguzi na mvuvi, na aliyeshika saa ahesabu ni nani aliyekwenda alikotakiwa na nani aliyeuliza, "Umesema nini?" Wahenga walisema, tahadhari kabla ya hatari. Katika kazi yetu, tahadhari hiyo ni kulipima neno leo, wakati kuuliza bado hakujamgharimu mtu uhai.