Klostra au Chuma? Hoja Kuhusu Kuta za Matundu Bujumbura

Majengo mengi ya zamani ya Bujumbura yana kuta za matofali ya saruji yenye matundu, ambayo hapa kwetu huitwa klostra. Utayaona kwenye ngazi, baraza na stoo. Siku hizi baadhi ya wajenzi huyaacha, wakaweka vioo vilivyofunikwa kwa mabati yaliyotobolewa au chuma kilichochomelewa maua. Husema klostra ni za kizamani. Kwa maoni yangu, hukumu hiyo inapima sura na kusahau kazi.

Kazi ya kwanza ni kivuli. Tofali lenye unene wa sentimita 10 na tundu la kimo hichohicho huzuia jua la mbele likishapanda zaidi ya nyuzi 45. Bati la milimita 2 lenye tundu kama hilo hulipitisha karibu lote. Kinacholeta kivuli, basi, ni kina cha tundu, wala si ua lililochorwa.

Kazi ya pili ni hewa. Mji wetu uko ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, na joto lake lina unyevu. Umeme ukikatika, feni husimama, lakini ukuta wa matundu huendelea kupitisha upepo. Pambo lililowekwa mbele ya kioo kisichofunguka haliwezi kazi hiyo.

Klostra zina kasoro pia. Huingiza vumbi na mbu, na malaria si jambo la mzaha. Chumba cha kulala kinahitaji wavu kwa ndani. Ukuta unaotazama ziwa, yaani magharibi, hupigwa na jua la chini kuanzia saa tisa alasiri, hivyo mti au baraza bado vinahitajika.

Chuma kina nafasi yake pale mwizi anapofikia kwa urahisi, mradi kipakwe rangi kabla ya kutu, na sehemu moja ifunguke kwa ndani ili watu watoke moto ukizuka. Alumini haishiki kutu kama chuma, ila huagizwa nje, nasi tuna uhaba wa fedha za kigeni. Klostra hufyatuliwa uani kwa mchanga na saruji. Moja ikivunjika, fundi hubadilisha hiyo moja. Kwa ngazi, ushoroba na jiko, mimi ningechagua klostra.