Matundu Mawili, Magari Mawili: Stabilaiza ya Nyuma Kutoka Mbinga Hadi Lundo

Nianze na hukumu kabisa, ili mwenye haraka aende zake gereji: kama una Subaru na barabara zako ni hizi za kwetu, Mbinga kushuka Ziwa Nyasa, hakuna kifaa kidogo kitakachokubadilishia gari kwa kiasi hiki. Si tabo kubwa, si mafla ya kelele, si rimu za inchi 18. Ni chuma kimoja kilichopindwa, kinachokaa uvunguni mahali ambapo hata muosha magari hapafikii. Stabilaiza ya nyuma! Tena ile ya kurekebishika, yenye matundu mawili kila ncha. Nimeifunga, nimeteremka nayo hadi Mbamba Bay, nikaingia vumbi hadi Lundo, na bado natabasamu kama niliyeokota noti.

Gari lenyewe ni Forester ya kizazi cha pili, ile SG yenye tabo. Wenye nazo tunaijua tabia yake. Injini ya boksa imekaa mbele ya ekseli, kwa hiyo pua ni nzito. Ukiingia kona kwa mwendo, unakata usukani lakini gari linataka kwenda moja kwa moja. Unaongeza usukani, tairi za mbele zinalia, ukingo wa barabara unakusogelea, na abiria wa nyuma wanalaliana. Wengi hukimbilia tairi pana. Tairi husaidia, sikatai, ila ugonjwa uko kwenye mgawanyo wa kazi kati ya mbele na nyuma.

Kinafanya nini hicho chuma?

Stabilaiza si kitu kigeni. Mkanada Stephen Coleman alipewa hataza yake mwaka 1919, na karibu kila gari dogo linalopita mtaani kwako leo linayo, hasa mbele. Ni fimbo ya chuma cha springi yenye umbo la U. Katikati yake imeshikwa na bushi mbili kwenye bodi, na ncha zake zimeunganishwa kwa linki na mikono ya magurudumu, kulia na kushoto. Gari likilala upande mmoja kwenye kona, gurudumu la nje linapanda na la ndani linashuka, hivyo fimbo inasokoteka. Chuma hakipendi kusokotwa. Kinapinga, na bodi inabaki wima zaidi.

Hapo ndipo wengi wanapoishia, na utamu wenyewe unaanzia hapo hapo. Upinzani ule una gharama: unahamisha uzito kutoka tairi la ndani kwenda la nje, kwenye ekseli ile ile iliyofungwa stabilaiza. Ukikaza nyuma, ekseli ya nyuma inabeba sehemu kubwa zaidi ya kazi ya kuzuia gari lisilale, na ya mbele inapumua. Tairi mbili za mbele zinagawana uzito vizuri zaidi, zinashika, na pua inageuka. Mkia nao unapoteza kiasi kidogo cha mshiko. Kwa gari lenye pua nzito, mbadilishano huo ni wa faida tupu, mradi usizidishe.

Na hesabu zake zinashangaza! Ukakamavu wa fimbo hupanda kwa kipeo cha nne cha unene wake. Toka milimita 20 kwenda 22, tofauti ambayo jicho halioni bila kipimo, na fimbo inakuwa ngumu zaidi kwa asilimia 46. Milimita mbili tu! Matundu nayo yana hesabu yake. Tundu la nje, lililo karibu na ncha, linafanya mkono wa fimbo uwe mrefu, na mkono mrefu ni laini. Tundu la ndani linaufupisha, na ugumu unaongezeka kwa mraba wa ule ufupi. Mkono wa milimita 200 ukiushusha hadi 180, umeongeza ugumu kwa takribani asilimia 23. Bushi na linki zinanyumbuka, kwa hiyo barabarani utapata pungufu kidogo ya hapo, lakini utaisikia. Nakuhakikishia utaisikia.

Kufunga

Kazi si kubwa. Fundi wangu wa Mbinga, kijana wa maneno machache, aliiangalia ile fimbo mpya, akaiweka kando ya ile ya zamani sakafuni, akacheka. "Kaka, hii imeshiba," akasema. Kisha akanipa somo ambalo kila mwenye gari hili anapaswa kulisikia: "Usinyanyue upande mmoja. Nyanyua nyuma yote."

Ana haki. Ukipiga jeki upande mmoja, gurudumu moja linaning'inia na jingine limekandamizwa chini, kwa hiyo fimbo imeshasokoteka kabla hujagusa nati. Bolti ya linki inakataa kutoka, unaanza kugonga nyundo, na nyuzi zinakufa. Ukinyanyua zote mbili kwa usawa na kuweka stendi imara (stendi, si tofali!), fimbo inalegea na linki unaivuta kwa vidole. Spana ya 14, nyingine ya kuzuia mpira wa linki usizunguke, dawa ya kutu, basi. Kukaza kwa mwisho kunafanyika gari likiwa limesimama kwa uzito wake mwenyewe, na pande zote mbili zikae tundu moja.

Bushi mpya za aina hii ni za poliyurethani, ngumu kuliko mpira wa kiwandani. Zinataka grisi ya silikoni. Ukipaka ile grisi ya kawaida ya beringi, haikai, na baada ya muda mfupi utasikia mlio kila ukipita tuta. Linki nazo zikague kwa makini. Fimbo nene inazivuta kwa nguvu kuliko zilivyozoea, na zile nyembamba za kiwandani zikiwa zimechoka zitakatika. Badilisha kwa za chuma pamoja na fimbo, usisubiri.

Mbinga hadi Mbamba Bay: tundu la ndani

Sasa twende barabarani! Lami ya Mbinga hadi Mbamba Bay, kilomita 66 hivi, iliyojengwa kwa fedha za Benki ya Maendeleo ya Afrika, ni zawadi kwa mpenda gari. Unaanzia kwenye nchi ya kahawa ya Wamatengo, zaidi ya mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na unamalizia ziwani ambako ni chini ya mita 500. Katikati ni kona, kona, kona. Miteremko yenye ngoro (yale mashamba ya mashimo ya Wamatengo) pembeni, korongo upande wa pili, kisha ghafla Nyasa inatokea chini, pana na ya buluu, na dereva inabidi ajikumbushe kwamba yeye hakuja kutalii.

Nilianza na tundu la ndani, lile gumu. Kona ya kwanza ya maana, nikakata usukani kwa kipimo kile nilichokizoea, na gari likageuka kupita nilivyotarajia! Ikabidi nirudishe usukani kidogo. Pua inaitika papo hapo. Bodi hailali, inaegemea kidogo tu kisha inatulia. Kwenye zile kona za S, kushoto halafu kulia bila kupumzika, Forester ya zamani ilikuwa inayumba: inalala huku, inajikusanya, ndipo inalala kule. Sasa inapokea amri ya pili kabla ya ile ya kwanza kuisha. Limekuwa gari jingine. Mikono inafanya kazi kidogo, na miguu inapata utulivu wa kufikiria breki.

Na breki zifikirie kweli. Kwenye mteremko uzito umeshahamia mbele, mkia ni mwepesi, na wewe umeukaza. Ukiachia mafuta ghafla katikati ya kona au ukakanyaga breki kwa hofu, mkia utataka kutangulia. Niliusikia ukisogea kwenye kona iliyokuwa na mchanga uliomwagwa na lori. Ulisogea kwa upole, ukarudi, lakini ujumbe nimeupata. Breki zote zimalizike kabla ya kona, mafuta kidogo katikati, na usiguse kitu kwa pupa. Mvua ikinyesha, hama tundu. Na kwa wanaouliza: hakuna haja ya mwendo wa kujiua. Kifaa hiki unakionja ukiwa ndani ya sheria, maana tofauti iko kwenye namna gari linavyogeuka, hata kwa mwendo wa kawaida.

Mbamba Bay hadi Lundo: tundu la nje

Lami ikaniishia Mbamba Bay, nikashika njia ya vumbi ya pwani kuelekea Lundo, njia ile inayoendelea Liuli. Hapa tundu la ndani lilionyesha ubaya wake. Tuta linalokatiza barabara nzima halikuwa tatizo: magurudumu mawili yanapanda pamoja, fimbo haisokoteki, hivyo huisikii kabisa. Shida ni shimo la upande mmoja. Gurudumu la kushoto linazama, fimbo inamvuta na mwenzake wa kulia, gari zima linatikisa kichwa. Kwenye makorongo yaliyochimbwa na maji ya mvua, tairi moja la nyuma lilikuwa linabaki jepesi, karibu kuelea, na gari linaparuza badala ya kutembea.

Nikaegesha kivulini, jeki, stendi, spana. Linki zikatoka tundu la ndani, zikaingia la nje. Vijana wawili waliokuwa wamebeba ndoo za dagaa wakasimama kuangalia. "Bosi, imeharibika?" Hapana, nikawajibu, naitengeneza ipende barabara yenu. Wakacheka, na mmoja akashika tochi.

Kutoka pale, jamani, lile lile gari! Kila gurudumu likawa linafuata njia yake tena, mkia ukashika, vichwa vikatulia. Kona za vumbi linaingia vizuri kuliko kwa fimbo ya zamani, bila ule ukaidi wa lami. Hii si siri mpya. Watu wa rali hulegeza stabilaiza zao njia inapokuwa mbovu, na Safari Rally ya Kenya, ambayo Colin McRae alishinda na Impreza mwaka 1997 na Richard Burns akashinda na Subaru hiyo hiyo mwaka 2000, ni shule ya kutosha kwamba kwenye mawe gurudumu linahitaji uhuru kwanza.

Tahadhari moja kwa wanaorudi Songea na gunia la mchele na ndoo za dagaa buti limejaa: stabilaiza haibebi mzigo. Gari likikaa chini nyuma kwa uzito, fimbo hii hailiinui hata kidogo. Hiyo ni kazi ya springi na shokapu, na kama shokapu zako zimekufa, anza nazo. Kufunga fimbo nene juu ya shokapu zinazovuja ni kutupa hela.

Nani anunue, nani aache

Mwenye Forester au Impreza, nunua. Mwenye gari linalovuta kwa mbele lenye stabilaiza ya nyuma ya kufungua, faida utaiona vile vile. Mwenye IST au Vitz, kumbuka ekseli yako ya nyuma ni boriti inayojisokota yenyewe; inahitaji fimbo iliyotengenezwa mahsusi kwa ajili yake, usikubali kuunganishiwa ya gari jingine. Mwenye Crown au Mark X, nenda taratibu: gari linalosukuma kwa nyuma likikazwa mkia, gurudumu la ndani linapoteza mshiko na kuzunguka bure.

Madukani, kuanzia Gerezani Kariakoo hadi Songea, uliza fimbo yenye matundu, siyo nene tu, na pima unene kwa kalipa mbele ya muuzaji. Whiteline ya Australia na Cusco ya Japani ni majina yanayojulikana kwa kazi hii, na majina yanayojulikana huigwa, kwa hiyo angalia uchomeleaji wa ncha na usawa wa matundu.

Alama zangu ni tisa kwa kumi. Moja nimeikata kwa sababu linki imara unazinunua peke yake, wakati bila hizo kazi haijakamilika. Ukifunga, anza na tundu la nje, lizoee gari lako upya, kisha jaribu la ndani kwenye lami kavu. Na ukifika vijijini, Lundo au popote, kikomo kinabaki kilomita 50 kwa saa, hata kama gari linakata kona kwa raha kiasi gani.